Kabla ya koleo, picha: mwongozo wa eksirei ya meno kwa watu wa Kisii na Nyamira

Jino likimshika mtu usiku huko Ekerenyo au Nyamache, njia yake hujulikana. Huanza na karafuu, kisha maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha vidonge vya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa. Siku ya nne shavu limefura, usingizi umekimbia, na mgonjwa anapanda matatu kwenda Kisii mjini au Nyamira akiwa amekwisha kata shauri. Akikalishwa kwenye kiti haelezi mengi. Anafungua kinywa na kunyoosha kidole: "Daktari, nitolee hili."

Na mara nyingi hutolewa. Lipo jino lisilo na tiba nyingine, na kuling'oa ndiko kumsaidia mwenyewe. Lakini maumivu ya jino yana tabia ya kuhama. Gego la chini huuma hadi sikioni. Gego la juu huchanganywa na maumivu ya uso yanayofuata mafua makali, kwa sababu mizizi yake inakaribiana na uwazi uliomo ndani ya mfupa wa shavu. Mtu anaweza kuapa kwamba linalouma ni hili, kumbe ni jirani yake. Jino la kudumu likishatoka halioti tena, na aliyetolewa jino zima hurudi nyumbani na maumivu yaleyale aliyokuja nayo.

Picha ya eksirei huondoa sehemu kubwa ya kubahatisha huko. Ile ya kidijitali hupigwa kwa muda usiofika sekunde moja na kuonekana kwenye skrini ya kompyuta kabla mgonjwa hajainuka kitini. Kwa hiyo mkazi wa Kisii au Nyamira anayeambiwa kwamba jino lake la kudumu litang'olewa aombe picha kwanza, aitazame pamoja na daktari, na aondoke na nakala yake. Yote yanayofuata hapa yanahusu namna ya kufanya hivyo vizuri.

Haja ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu nchini Kenya ana meno yaliyooza, na karibu wote walikuwa na fizi zinazotoka damu. Katika eneo la Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ambako chai ya maziwa hutiwa sukari asubuhi hadi jioni na muwa hutafunwa njiani kutoka sokoni, hakuna sababu ya kudhani kwamba hali ni nafuu.

Kilichobadilika ni kinachopokea

Wako wanaoamini kwamba mashine ya kidijitali haina mionzi. Inayo. Mionzi bado inatoka kwenye mrija ulio ndani ya kichwa cha mashine, kile kilichoshikiliwa na mkono mrefu uliofungwa ukutani. Kilichobadilika ni kitu kinachoipokea baada ya kupenya kwenye jino. Zamani kilikuwa kipande cha filamu ndani ya pakiti ndogo. Filamu ilipelekwa chumba cha giza, ikaloweshwa kwenye kemikali moja kisha nyingine, ikasuuzwa kwa maji mengi na kuanikwa ikauke. Kemikali zikichakaa, au maji yakiwa haba, picha ilitoka na ukungu, au iligeuka rangi ya hudhurungi baada ya miaka michache. Nyumba nyingi bado zina filamu za namna hiyo ndani ya bahasha. Zisitupwe, daktari anaweza kuziinua kwenye mwanga, kuzipiga picha, na kulinganisha jino la zamani na la leo.

Siku hizi nafasi ya filamu imechukuliwa na kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni kihisi chenye waya: kibamba kigumu chenye upana wa kama sentimita tatu na urefu wa kama nne, kona zake zimeviringwa, na waya wake umechomekwa kwenye kompyuta. Madaktari wengi hukiita RVG, jina la mashine ya kwanza ya aina hiyo, ambayo ilibuniwa na daktari wa meno Mfaransa, Francis Mouyen, na kuingia sokoni katika miaka ya 1980. Cha pili ni bamba jembamba lililopakwa fosfori. Hilo halina waya. Baada ya kupigwa huingizwa kwenye mashine inayolisoma kwa leza, kisha picha iliyomo hufutwa kwa mwanga mkali na bamba likatumika tena kwa mgonjwa mwingine. Kihisi ni cha haraka zaidi. Bamba huvumilika zaidi kinywani, hasa kwa mtoto au mtu mwenye taya nyembamba. Vyote viwili hutoa picha inayotosha kufanyia kazi.

Faida ya eksirei ya kidijitali haiishii kwenye kasi. Kwa kuwa kihisi kinahitaji mionzi kidogo kuliko filamu za zamani, mgonjwa hupokea kidogo. Picha ikitoka vibaya daktari anajua palepale na si baada ya nusu saa. Anaweza kuikuza, kuing'arisha, kupima urefu wa mzizi kwa milimita, na kuiweka kando ya picha ya mwaka jana. Hakuna kemikali za kumwaga.

Udhaifu wake ni umeme na gharama ya vifaa. Waya wa kihisi ukiumwa kwa nguvu au kihisi kikianguka sakafuni, kliniki inaweza kukaa muda mrefu bila picha. Umeme ukikatika wakati wa mvua za jioni, kompyuta isiyo na betri ya akiba inazimika na kazi inasimama. Ndiyo maana anayetoka mbali, tuseme Borabu au Bobasi, hufanya vizuri kupiga simu kabla ya kufunga safari na kuuliza mambo matatu: je, mashine ya eksirei ya meno inafanya kazi leo? Bei ya picha ni kiasi gani, mbali na bei ya kumwona daktari? Na je, mgonjwa anapewa nakala? Maswali hayo yanafaa kuulizwa hospitali ya umma na ya binafsi kwa namna moja.

Eksirei yenyewe ina historia ndefu, na sehemu yake ni ya maumivu. Mwanafizikia Röntgen aligundua miale hii huko Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig alipiga picha ya meno yake mwenyewe, na ikambidi akae tuli kwa dakika 25. Daktari wa meno wa New Orleans, C. Edmund Kells, aliijaribu mashine yake kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele ya miale, siku baada ya siku, bila kinga. Saratani ilimla vidole, kisha mkono. Alikufa mwaka 1928. Kinga tunazoziona leo zimenunuliwa kwa miili ya watu kama yeye, na ni haki kumkumbuka.

Gusii yenyewe ina historia yake ya kutafuta ugonjwa uliojificha kwenye mfupa. Wapasuaji wa jadi, ababari, walifungua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeteswa na maumivu baada ya kupigwa au kuanguka, wakakwangua mfupa wa fuvu ulioharibika, na watafiti wa karne ya 20 waliandika habari zao kwa heshima. Ulikuwa ustadi wa jicho na kidole, lakini ulidai ngozi ikatwe ndipo mfupa uonekane. Eksirei iligeuza utaratibu huo: kuona kwanza, kukata baadaye, na mara nyingine kutokata kabisa.

Mionzi kiasi gani?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi, na linastahili jibu la namba. Picha ndogo ya jino moja au mawili kwa mashine ya kidijitali humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.005. Mtu yeyote duniani, hata asiyewahi kukanyaga hospitali, hupokea kwa wastani milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga. Ukigawanya kwa siku, picha moja ya jino haizidi kile ambacho mwili hupokea kwa siku moja ya kawaida. Picha ya taya nzima ni sawa na siku chache. Picha ya pande tatu, ile inayoitwa CBCT, ni nzito zaidi, na kiwango chake hutofautiana sana kwa mashine na kwa ukubwa wa eneo linalopigwa. Hiyo haifai kuombwa kwa kila jino linalouma.

Mashine ikizimwa hakuna mionzi inayobaki chumbani, wala kwenye jino, wala kwenye nguo. Mionzi ipo tu wakati kitufe kimebonyezwa.

Mama mjamzito amwambie daktari hali yake kabla ya kitu kingine chochote. Lakini asikimbie. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilieleza mwaka 2013 kwamba eksirei ya meno, ikihitajika na ikipigwa kwa kinga, ni salama wakati wa ujauzito. Jipu la jino linaloachwa miezi sita kwa hofu ya picha moja linaweza kuwa hatari kubwa zaidi kwa mama na mtoto.

Kuhusu aproni ya risasi, ile nzito inayofunika kifua, mambo yanabadilika. Februari 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kwamba matumizi ya aproni na kola ya shingo yaachwe, mradi mashine ni ya kisasa na mwale wake umebanwa uangukie eneo dogo tu. Sababu yake ni kwamba mwale haulengwi tumboni, na kola huweza kuziba sehemu ya picha ikalazimu kurudia. Kliniki nyingi za Kenya bado huwavisha wagonjwa aproni, na mgonjwa anayetulia zaidi akivishwa ana haki ya kuiomba. Asiyevishwa kwenye mashine nzuri pia hajadhulumiwa.

Hata hivyo udogo wa kipimo si ruhusa ya kupiga ovyo. Kila picha iwe na swali inalojibu. Njia rahisi ya kulinda mwili na mfuko kwa pamoja ni kuuliza: "Daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?" Daktari mzuri atajibu kwa sentensi moja: anataka kujua kama uozo umefika kwenye kiini, au mizizi imepinda, au kuna usaha kwenye ncha. Jino la utoto lililolegea na linalocheza halihitaji picha. Wala hakuna sheria ya tiba inayosema kila mtu apigwe kila mwaka.

Kliniki na leseni zake

Nchini Kenya, mashine ya eksirei haiwekwi ukutani kama redio. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, anayemiliki au kutumia kifaa cha mionzi anahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Daktari na kliniki nao husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo majina ya waliosajiliwa yanatafutwa kwenye mtandao wake. Anayeingia kliniki mpya pembeni mwa barabara ya Keroka au juu ya maduka karibu na Daraja Mbili atazame ukutani: vyeti vinapaswa kuonekana. Mlango wa chumba cha picha uwe na alama ya onyo la mionzi.

Mashine za kushika mkononi, zinazofanana na kamera kubwa na kutumia betri, zimeenea kwenye kliniki ndogo na kambi za matibabu, na kwa sehemu yenye umeme wa kukatikakatika zina manufaa ya kweli. Kasoro yake ni kwamba si zote zilizotengenezwa kwa uangalifu. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu mashine za aina hiyo zilizouzwa kwa mtandao bila kutimiza masharti ya usalama, na Uingereza ilitoa onyo kama hilo mwaka huohuo. Anayeumia kwanza ni anayeishika kila siku, yaani daktari au msaidizi wake, kisha mgonjwa. Kuuliza kama mashine imesajiliwa si utovu wa adabu.

Kwenye kiti

Msaidizi akija na kihisi, mtazame mikono. Kihisi hakichemshwi wala hakiingii kwenye mashine ya mvuke, kwani joto hukiharibu. Kinga dhidi ya kuambukizana ni mfuko mwembamba wa plastiki unaovikwa mbele yako, mpya, wa mgonjwa mmoja tu, na kifaa kufutwa kwa dawa kati ya mtu na mtu. Kishikio cha plastiki kinachokaa kinywani, chenye pete nje ya shavu, hicho huweza kusafishwa kwa mvuke. Mgonjwa asiyeona mfuko mpya ukivikwa aseme tu, "Samahani, naomba plastiki mpya." Magonjwa kama homa ya ini ya B hupita kwenye damu na mate yenye damu, na kinywa kinachouma mara nyingi kina vyote viwili.

Kisha kihisi huingizwa upande wa ulimi, sambamba na jino, na mgonjwa huombwa aume kishikio taratibu. Hapo ndipo wengi hutaka kutapika, zaidi kwenye magego ya nyuma. Ipo mbinu inayosaidia: pumua kwa pua, polepole, na uinue mguu mmoja kidogo kutoka kitini ukiushikilia hapo. Akili ikishughulika na mguu, koo hutulia. Kihisi kikichoma ufizi, inua mkono. Kikiwekwa upya kwa pembe kidogo hukaa vizuri, na hilo ni bora kuliko kuvumilia na kusogea wakati kitufe kinabonyezwa, maana kusogea huharibu picha na kurudia ni mionzi ya pili.

Picha ya taya nzima, inayoitwa OPG, haina kitu cha kuingiza ndani zaidi ya kijiti kidogo cha kuuma kwa meno ya mbele. Mgonjwa husimama, kidevu kwenye kipumzisho, na mashine humzunguka kichwa kwa sekunde kumi na kitu. Kabla ya hapo hutoa herini, mkufu, miwani, meno ya bandia, pini za nywele na shanga za chuma kwenye misuko. Herini iliyosahaulika hujitokeza mara mbili: mahali pake, na tena kama kivuli kikubwa upande wa pili wa taya, juu ya jino ambalo daktari alitaka kuliona. Ulimi ubandikwe kwenye kaakaa na midomo ifungwe hadi mashine isimame. Ulimi ukilala, mstari mweusi wa hewa hufunika mizizi ya meno ya juu.

Ni picha ipi kwa shida ipi? Kwa jino moja linalouma, ile ndogo inayoonyesha jino zima hadi ncha ya mzizi inatosha. Kwa uozo uliojificha katikati ya magego yanayogusana, hupigwa picha ya kuuma, ambayo huonyesha vichwa vya meno ya juu na ya chini kwa pamoja. OPG ni ya magego ya mwisho yaliyokwama, taya iliyovunjika kwenye ajali ya bodaboda, uvimbe wa mfupa, au mtoto ambaye meno yake ya kudumu yamechelewa kutokeza. CBCT ni ya maswali magumu: gego la mwisho lililokumbatia mshipa mkuu wa fahamu wa taya ya chini, au kupandikiza jino la bandia kwenye mfupa.

Kuisoma pamoja na daktari

Omba skrini igeuzwe upande wako. "Daktari, naomba unionyeshe jino lenyewe." Wengi hufurahi kuombwa.

Kanuni ya kwanza ya kusoma ni kwamba kilicho kigumu kinaonekana cheupe na kilicho laini au kitupu kinaonekana cheusi. Chukua mfano wa gego la kwanza la chini, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi na ambalo huoza mapema kwa kuwa wazazi hulidhania kuwa la utoto. Kwenye picha, kofia yake ya nje ni nyeupe sana. Chini yake kuna tabaka la kijivu, ambalo ndilo sehemu kubwa ya jino. Katikati kuna chumba cheusi, nacho hushuka kwa mistari myembamba hadi ndani ya mizizi miwili. Hicho ni kiini, penye damu na mishipa ya fahamu. Kuuzunguka kila mzizi kuna mstari mwembamba mweusi, upana wa uzi, kisha mstari mweupe, kisha mfupa wenye matundumatundu ya kijivu.

Sasa tafuta penye kuharibika. Uozo huonekana kama doa jeusi linalokula kofia nyeupe na kupanuka ndani ya tabaka la kijivu. Kama kati ya doa hilo na chumba cha kiini bado kuna ukuta wa kijivu, jino mara nyingi linaweza kuzibwa. Kama doa limeungana na chumba, kiini kimevamiwa, na mazungumzo yanageuka kuwa ya kutibu mzizi au kung'oa. Shuka hadi ncha ya mzizi: mstari ule mwembamba ukitanuka na kuwa duara jeusi, mfupa wa hapo umeliwa na ugonjwa. Duara hilo halimaanishi kwamba jino halina tumaini. Mzizi ukisafishwa na kuzibwa vizuri, mfupa huweza kujijaza tena kwa miezi.

Halafu tazama mfupa kati ya jino na jino. Ukingo wake unapaswa kufika karibu na shingo ya jino. Ukiwa umeshuka hadi nusu ya mzizi, tatizo la msingi ni ugonjwa wa fizi, na hata jino likizibwa kwa ustadi litaendelea kulegea.

Madoa meupe kupindukia mara nyingi ni chuma: kizibo cha zamani au kofia ya jino. Na daktari akimtajia msaidizi namba 46, anataja mahali. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa: moja ni juu kulia kwa mgonjwa, mbili juu kushoto, tatu chini kushoto, nne chini kulia. Ya pili huhesabiwa kutoka katikati ya uso kwenda nyuma, moja hadi nane. Kwa hiyo 46 ni gego la kwanza la chini upande wa kulia. Kwenye skrini kulia kwa mgonjwa huwa kushoto kwa mtazamaji, kana kwamba mgonjwa ameketi akikutazama. Kujua namba hizi kunampa mgonjwa njia ya kuhakikisha, kabla ya sindano ya ganzi, kwamba jino lililoandikwa kwenye faili ndilo linaloonekana kwenye picha na ndilo analoligusa daktari.

Picha ina mipaka yake. Uozo mchanga hauonekani mpaka madini mengi ya sehemu hiyo yawe yameyeyuka. Ufa mwembamba kwenye jino mara nyingi hupita bila kuonwa. Mizizi iliyopangana, mmoja mbele ya mwingine, hujitokeza kama mmoja. Wala picha haisemi kama kiini bado kina uhai. Kwa hiyo daktari bado anapaswa kuangalia kinywa, kuligonga jino kwa kifaa, kulijaribu kwa baridi, kubonyeza ufizi, na kuuliza maumivu yalianza lini. Anayesoma skrini bila kutazama kinywa anafanya nusu ya kazi, sawa na anayeng'oa gego lenye mizizi iliyopinda bila kuiona.

Kuondoka na picha

Kuondoka na picha ndio upande wa teknolojia hii unaopuuzwa zaidi, na ndio wenye faida kubwa kwa mtu wa kaunti hizi mbili. Mgonjwa huanza kwenye kituo cha karibu na nyumbani, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na tatizo likizidi akaelekezwa Kisumu, Eldoret, au Nairobi iliyo zaidi ya kilomita 300. Kila kituo humpiga picha upya, kwa sababu ile ya kwanza ilibaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Analipa mara tatu, anapigwa mara tatu, na daktari wa mwisho hana njia ya kujua kama ugonjwa unakua au umetulia.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti na kumpa mwenyewe haki ya kuzifikia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake na njia za matibabu zilizopo. Lugha ya kuomba si lazima iwe ya sheria. Inatosha kusema, "Daktari, naomba nakala ya picha kwenye simu yangu," na kwa aliyemleta mzazi mzee, "Naomba nakala ya picha ya mama, tutaihitaji tukienda Kisumu."

Namna ya kuipokea ina uzito wake. Kupiga skrini kwa kamera ya simu hutoa picha yenye mistari na mng'ao wa taa. Hiyo iwe ya dharura tu. Bora faili itolewe kwenye programu yenyewe. Ikitumwa kwa WhatsApp itumwe kama hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na tofauti kati ya mstari mwembamba na mstari uliotanuka ndiyo inayotafutwa. Kwa OPG na CBCT uliza kama wanaweza kutoa faili ya DICOM, aina ya faili inayotumika kwa picha za hospitali, kwenye flashi. CBCT hasa haina maana kama picha moja bapa, kwa sababu daktari anahitaji kuipitia tabaka kwa tabaka. Picha yoyote isitumwe kwenye kundi la familia. Ina jina na umri, na ni siri ya mwenyewe.

Kabla ya kutoka mlangoni hakikisha juu ya picha pameandikwa jina lako sahihi, tarehe, na upande wa kulia au kushoto. Omba pia mstari mmoja wa maandishi: namba ya jino, kilichoonekana, na kilichofanywa. Hifadhi nakala mahali pawili, kwa mfano kwenye simu na kwenye barua pepe yako au ya mwanao, kwani simu huibwa na kuanguka majini.

Aliyetibiwa mzizi ana sababu ya ziada. Kazi hiyo huhitaji walau picha tatu: kabla ya kuanza, katikati kupima urefu wa mzizi, na mwisho kuhakikisha umezibwa hadi nchani. Ile ya mwisho ndiyo ya kuja nayo miezi sita hadi mwaka mmoja baadaye, ipigwe nyingine kwa pembe ileile, ziwekwe pamoja kwenye skrini. Duara jeusi likiwa limepungua, mfupa unarudi. Likiwa limebaki vilevile, daktari huweza kusubiri na kupima tena. Likiwa limekua, mzizi unafunguliwa upya au mgonjwa anapelekwa kwa bingwa, akiwa na zote mbili mkononi.